Miguu ya Ukuta wa Mwinuko

Uliuona mstari ule. Usiniambie hukuuona. Ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya maji, ukapita mbele yake ukiwahi shughuli zako, jicho lako likaangukia ile rangi ya buluu inayopanda kama mwali wa moto, ukajisemea moyoni, "Kumbe mambo si mabaya." Jioni ukafungua bomba la nyumbani kwako. Likakoroma, likatema hewa. Hukurudi kuuliza. Ulichukua ndoo ukaenda kwa jirani, na ulipopita tena mbele ya ubao ule uligeuza uso, kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Na kwa kuwa uligeuza uso, kuna mwanamke anaitwa Siwema ambaye mikono inamuuma hadi saa hii unaposoma. Kaa hapo. Habari zake zinakuhusu.

Kwao Siwema ni Kibanzi, kijiji ambacho maji ya kisima chake yana chumvi mpaka chai hunywewa kwa uvumilivu. Mchoro wa mji wa Mwinuko ulipofika huko na kubandikwa ukutani kwa mwenyekiti, vijana waliusongamania kama watu wanaotazama mpira. Mstari ulianzia chini kabisa, pembeni mwa karatasi, ukapanda, ukapanda, ukakaribia kuitoboa karatasi juu. Chini yake paliandikwa: Maji kwa Kila Nyumba. Hakuna aliyeuliza nyumba zipi. Somoe, mdogo wake Siwema, aliutazama kuliko wote, kisha akaenda kufunga mzigo wake.

Mama yao hakulia. Alichukua kikombe cha bati cha Somoe, kile chenye kishikio kilichopinda, akakifunika kwa kisahani, akakipandisha rafuni na kupiga marufuku mtu yeyote kukinywea. Miaka ikapita juu ya kikombe kile. Walikuja wageni, vikombe vikapungua, wengine wakanywea vibakuli, na kikombe hakikushuka. Mpaka siku moja, akichambua mchicha, mama akasema bila kuinua kichwa:

"Siwema, uso wa Somoe ninao. Sauti ndiyo inaniponyoka. Nenda kaniletee kabla haijaisha yote."

Siwema naye alikuwa na lake la kukosa. Walipokuwa wadogo yeye na Somoe walichota maji kwa kuning'iniza ndoo katikati ya mti mmoja, Siwema mbele, Somoe nyuma, mti begani. Siwema alikuwa mrefu, kwa hiyo ndoo iliteleza siku zote kuelekea kwa mdogo, ikamlemea yeye. Ndipo ilipotoka ile sauti nyuma yake, sauti iliyojaa pumzi na kicheko: "Vuta kwako, dada." Siwema aliivuta ndoo kwake. Tangu Somoe aondoke alibeba ndoo peke yake, kichwani, bila kumwaga, na kila alipofika penye mteremko alijikuta ameinua mkono kuvuta kitu ambacho hakipo.

Njia ya kwenda Mwinuko haina hadithi. Miguu huuma, mtu hufika.

Huko watu hawaulizani hali. Bi Nakunde, muuza vitumbua aliyempangisha Siwema chumba, alimkuta mlangoni asubuhi ya kwanza akamwambia:

"Mstari umeamkaje, mgeni?"

"Marahaba— samahani, shikamoo, mama. Sijambo."

"Sikukuuliza wewe. Nimeuliza mstari."

"Sijauona bado."

"Basi sema umeamka juu. Ndivyo tunavyojibu hapa, hata vipofu wetu."

Bi Nakunde alikuwa mwanamke mnene mwenye utani, na ncha ya kidole chake cha shahada ilibaki zamani kwenye panga la kufulia nazi, kwa hiyo alipoelekeza kitu alionekana kama anakusudia kusema zaidi akaghairi. Siwema alipomwomba maji ya kuoga alimletea kopo ambalo chini yake kulikuwa na maji ya kulowesha kitambaa.

"Ndiyo haya tu?"

"Mwanangu, maji yapo tele. Nenda ukutani ukayaone."

Ukuta wa Mwinuko umesimama juu ya mgongo wa kilima, mweupe, mrefu kupita mnazi, na mji wote umejengwa ukiutazama. Juu yake ndipo ulipo mstari. Kila mwaka wachoraji huongeza kipande kimoja, na kila kipande, kwa sheria, kinapanda. Kwa mtu aliyesimama uwanjani mstari ule ni kitu cha kuushitua moyo. Unaanzia chini, palepale unapoanza weupe wa ukuta, na unaishia kwenye paa. Ukiutazama unasema: hawa watu walikuwa hawana kitu, sasa wanaogelea.

Ila chini ya weupe kuna pazia. Ni pazia zito la rangi ya udongo, limefungwa ukutani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na linafunika sehemu kubwa ya ukuta kuliko ile iliyobaki wazi. Jina lake ni Staha. Siwema alipouliza ni la nini, watu walimtazama kama aliyeuliza kwa nini wanavaa nguo. Ukuta una miguu, walimwambia, na miguu haianikwi hadharani. Anayelifunua hapigwi faini wala hafungwi. Anaitwa mtu asiye na haya, na watoto wake hawaolewi. Pazia likichakaa haliondolewi, maana kuliondoa ni kuuacha ukuta uchi hata kwa kitambo. Huwekwa jipya juu ya la zamani. Hakuna afisa hai aliyewahi kuiona miguu ile, wala baba yake.

Na huko kushoto, mahali mstari unapoanzia, ukuta umekatwa wima kama mkate. Huo ndio Mwaka wa Kwanza. Ni mwaka ambao maporomoko ya mawe yaliziba chemchemi na mji mzima ukaramba umande. Yupo mchunga mbuzi aliyemnong'oneza Siwema kwamba kabla ya mwaka huo chemchemi ilikuwa ikimwagika hadi barabarani na watoto wakifukuzwa wasiharibu viatu. Lakini miaka hiyo haina ukuta. Palipo na miaka hiyo pana kona ya majani, na mbuzi hujisaidia hapo.

Siwema hakuja kwa ajili ya ukuta. Alimuuliza Bi Nakunde habari za Somoe, mwanamke mwembamba kutoka Kibanzi, mwenye pengo mbele.

Bi Nakunde aliacha kugeuza kitumbua. "Kama mtaani hayupo, amepumzishwa."

"Amepumzishwa nini?"

"Hesabu. Nyumba ambayo mtungi wake haufiki alama inaonewa huruma. Ya nini kuichosha kwa kuipima kila mwaka? Inapelekwa ng'ambo ya ukuta, Mapumzikoni." Kitumbua kikaungua. Alikitoa, akakitazama, akakiweka pembeni. "Hatuwasemi vibaya. Tunawashukuru. Kila wakiondoka, mstari unapanda."

Usiseme ni uchawi. Ni jambo unalolijua tangu utoto. Watoe wafupi darasani, darasa litarefuka, na hakuna mtoto atakayekuwa ameota hata unywele. Wewe na mimi tulishawahi kukaa katika darasa la namna hiyo, tukapiga makofi.

Mapumzikoni hakuna lango wala mlinzi. Mtu anapanda, anauzunguka ukuta, anashuka. Upande ule ukuta haukupigwa plasta. Ni matofali matupu. Na nyumba zote za Mapumzikoni, vibanda vya fito na magunia, zimeelekezwa kwenye matofali yale. Mchana kutwa watu wanakaa vizingitini wakiyatazama, kama watu walioambiwa kwamba mlango utafunguliwa hapo.

Somoe alikuwa mmoja wao. Alimwona dada yake akishuka na hakuinuka, labda kwa sababu alikuwa amemwona hivyo mara nyingi na mara zote hakuwa yeye.

"Umenenepa, dada," alisema Somoe, Siwema alipomkaribia.

"Ni nguo." Siwema alikaa chini kando yake. Sauti ya mdogo wake ilikuwa ileile, imekauka tu. "Mama anakuita."

"Kikombe changu kipo?"

"Kipo. Kimemkosesha mjomba chai mwaka mzima."

Somoe alicheka, kisha akakohoa, na alipomaliza kukohoa akasema, "Siondoki."

Siwema alimkazia macho.

"Usinitazame hivyo. Nilikuja hapa kwa kichwa changu mwenyewe, nikachota, nikazaa. Nilimzaa Hidaya. Mtungi ulipopungua tukapumzishwa, tukanywa maji ya dimbwi, na Hidaya nikamzika pale penye majani yale. Siku niliyomzika walisoma mstari upande wa pili. Nilisikia vigelegele. Ulikuwa umepanda." Alisema hivyo bila kuinua sauti, kama anayeeleza njia. "Hidaya hayumo ukutani. Mimi simo. Nikikufuata leo nitakuwa sikuwahi kufika, na yeye hakuwahi kuzaliwa. Nina hamu ya nyumbani, dada, nina hamu hadi meno yananiuma. Lakini kwanza wanihesabu."

"Wakikuhesabu utakuja?"

"Siku hiyohiyo."

Basi Siwema akarudi mjini na kazi mpya. Bahati ilimpa Siku ya Kusomewa Mstari, ambapo Baraza hukaa uwanjani na mtu yeyote anaweza kusikiliza. Mwenye kiti cha kusema siku hiyo ni Mtunza Staha, Bwana Sengondo, mtu mpole, safi, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Si mwongo. Ni vizuri ulijue hilo mapema. Sengondo aliupenda ukuta ule kama wengine wanavyopenda mashamba yao, na aliposema maji yameongezeka macho yake yalilengwa na machozi.

Hoja ya siku ilikuwa kama Mapumzikoni kuna kiu.

Mjumbe Nyangasa alisimama kwanza. "Kiu haipimiki," alisema. "Mimi mwenyewe leo niliamka nayo. Nikanywa, ikaisha. Sasa tuchore nini?"

Watu wakacheka, na ilikuwa kweli inachekesha.

Mjumbe Ulimboka akaleta habari njema: nyumba zilizobaki hesabuni zimepata vikombe maradufu ya mwaka uliopita. Mtu mmoja nyuma akauliza kama si kweli kwamba vikombe vimepunguzwa ukubwa.

"Ukubwa wa kikombe ni suala la wafinyanzi," alijibu Ulimboka. "Baraza hili linahesabu vikombe."

Wakapiga kura. Bwana Sengondo alieleza utaratibu kwa upole: wanaokubali kwamba hakuna kiu wakae kama walivyo, wanaokataa waende wasimame nyuma ya ukuta. Akangoja. Hakwenda mtu. Wale waliokuwa tayari nyuma ya ukuta hawakuhesabiwa, kwa kuwa hawakwenda, walikuwapo tu. Hoja ikapita bila kupingwa.

Ndipo Siwema akasimama. "Nina swali, waheshimiwa. Mdogo wangu anaitwa Somoe. Anaishi hapo nyuma. Nionyesheni ukutani ni wapi alipo."

Hakuna aliyekasirika. Bwana Sengondo alitabasamu hata akaonekana mdogo. "Umesikika, dada. Mwaka huu maswali yameongezeka. Ni dalili ya uhuru." Mchoraji mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akatia nukta mahali fulani, na baadhi ya watu wakaipigia makofi.

"Sikutaka nukta ya swali. Nataka nukta ya Somoe."

"Kumrudisha kutashusha mstari."

"Kwa hiyo hawezi?"

"Nimesema kutashusha, sikusema hawezi. Sisi si watu wabaya." Sengondo aliinama kwa wenzake, wakanong'onezana, akainuka akiwa ameangaza uso. "Ipo njia. Tutamwunganisha. Tutampa ndugu wa hesabu. Mwenyekiti wetu wa Baraza ana bwawa la bata wake. Changanya maji ya Mwenyekiti na maji ya Somoe, gawa katikati, na kila mmoja ana nusu ya bwawa. Mstari hautashuka hata kidogo. Huenda ukapanda."

"Na Somoe ataichota lini nusu yake?"

Sengondo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hachoti, dada. Anahesabiwa."

Siwema angeweza kukataa. Alifikiri kukataa. Kisha akafikiri rafu ya mama yake, kisahani juu ya kikombe, mchicha, na sauti inayoponyoka, akasema, "Haya. Mwunganisheni."

Somoe aliletwa mchana uleule. Alivaa kanga aliyoiazima, akatembea akimshika dada yake mkono, na uwanja mzima ukamshangilia, maana watu wa Mwinuko wana mioyo mizuri na hupenda kuona mtu akipanda. Bi Nakunde alikuwapo na karai la vitumbua kichwani. Mchoraji alikuwa amekwisha kutia nukta, nyekundu, mbichi, juu kabisa karibu na paa, sambamba na ya Mwenyekiti.

Somoe aliinua kichwa mpaka shingo ikamuuma. "Yule juu kule ni nani?"

"Ni wewe, mama," alisema Sengondo.

"Na huyu aliyesimama hapa?"

Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Somoe hakucheka. 

"Huyo ndugu yangu wa hesabu," Somoe aliuliza, "jina langu analijua?"

"Analifahamu kwa ujumla."

"Bwana Sengondo, sikukutukana na sitakutukana. Jana nilikunywa maji ya kufunika kiganja. Juzi hivyohivyo. Nionyeshe ukutani penye maji ya kiganja. Hapo ndipo nataka uniweke, mimi na Hidaya wangu, halafu nitaenda zangu."

Sengondo alisogea karibu, akapunguza sauti kama mtu anayeongea mbele ya watoto. "Hapo hapaonekani, mama. Hapo ni miguuni."

Somoe akaachia mkono wa dada yake. Akainama, akashika upindo wa pazia.

"Mama," alisema Sengondo, naye hakusema kwa hasira, alisihi. "Staha."

Pazia lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa sababu halikuwa moja. Lilikuwa mapazia ya vizazi, moja juu ya jingine, ya chini yameoza yameshikana kama majani ya chai. Somoe alivuta, likakataa. Akageuza kichwa, na pumzi zikimwisha akasema maneno ambayo Siwema alikuwa ametembea njia yote ile kuyasikia:

"Vuta kwako, dada."

Siwema akashika. Wakalipandisha pamoja, wakalikunja, wakalipandisha tena, hadi likawakaa mabegani.

Na hapo ukuta ukaonekana mzima, kuanzia udongoni. Mstari ule uliokuwa ukipanda kama mwali wa moto ulikuwa juu huko, mbali, ukikatiza ukuta karibu sawasawa, kama kamba ya kuanikia nguo. Haukuanzia chini. Haukuwahi kuwa chini. Ulikuwa umeinuka kiasi ambacho mtu asingekiona kama asingeambiwa, na hata hicho walikipata kwa kuwatoa akina Somoe.

Lakini hicho sicho kilichowashika macho akina dada wale. Chini, karibu na ardhi, pale penye maji ya kiganja, ukuta ulikuwa mweusi kwa alama za vidole. Vidole vya masizi, vya tope, vya mkaa. Vingi hadi vilipandiana. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamekuja, mmoja mmoja, wakapenyeza mkono chini ya upindo bila kuona, wakagusa ukuta mahali walipoamini ndipo walipo, wakaondoka wakidhani ni wao peke yao. Vingine vilikuwa chini mno na vidogo mno. Somoe alichuchumaa mbele ya hivyo, pazia likimlemea mgongoni, asiweze kusema ni kipi ni cha nani, akavitazama vyote.

Kimoja, karibu na mguu wa Siwema, kilikuwa kifupi, bila ncha.

Siwema aligeuka kumtafuta Bi Nakunde. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo mpaka leo linamtoa usingizini. Uwanja mzima ulikuwa umeupa ukuta mgongo. Wajumbe, wachoraji, mama na watoto, vijana waliokuwa wakipiga makofi, wote walikuwa wamegeuka, wengine wamejifunika macho kwa viganja, kama watu waliokuta mkubwa wao anaoga. Hakuna aliyewalazimisha. Walilelewa hivyo. Bi Nakunde naye alikuwa amegeuka. Mkono mmoja ulishika karai; ule mwingine ulikuwa umekunjwa ngumi, kidole cha shahada kimefichwa ndani.

"Mama Nakunde," Siwema aliita. "Kidole chako kiko hapa."

Mabega ya Bi Nakunde yalishtuka. Hakugeuka. Alisema, taratibu, akiuambia uwanja ulio mbele yake, "Mume wangu alipumzishwa. Nilitaka tu awe mahali."

"Basi njoo umwone mahali alipo."

"Watanionaje, mwanangu?"

"Wote wameupa ukuta mgongo. Nani atakuona?"

Bi Nakunde hakuondoka. 

Bwana Sengondo ndiye aliyezungumza, kisogo chake kikiwaelekea. Alikuwa analia, ilisikika. "Mmefanya mlichofanya. Hatuwadai kitu. Njia ya Kibanzi iko wazi, nendeni kwa amani. Mama huyu akiondoka, wenye kiu watakuwa wamepungua kwa mmoja. Kesho tutalichora hilo. Mstari utafurahi."

Siwema alikuwa ameshaanza kulegeza mabega. Nyumbani kulikuwa kumekaribia kiasi kwamba alisikia harufu ya mchicha. Angelishusha pazia, angemshika Somoe mkono, na kabla mwezi haujaandama wangekuwa wanabishana nani alale upande wa ukuta. Alimtazama mdogo wake kumwambia twende, akakuta Somoe anamtazama yeye, na wote wawili wameelewa jambo moja. Kwenda nyumbani ni kupumzishwa. Ni kipande kipya cha mstari, cha buluu, kinachopanda. Somoe angekuwa habari njema.

"Mama atangoja kidogo," alisema Somoe.  "Kikombe si kimefunikwa?"

"Kimefunikwa."

"Basi hakiingii vumbi."

Wakakaa chini, migongo ukutani, pazia limekunjwa juu ya vichwa vyao, mikono ikilishikilia lisishuke. Siwema upande huu, Somoe upande ule. Wako hapo. Sengondo hajatuma mtu awaondoe, kwa sababu atakayetumwa itabidi atazame. Anangoja wachoke. Anajua hesabu yake vizuri: pazia ni refu kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, na mikono ya wanawake wawili imelifunua mahali padogo tu. Pembeni mwao limeanza kuteleza, kama ndoo ile, kuelekea kwa aliye dhaifu, na kila linapoteleza Somoe anasema, "Vuta kwako, dada," na kila mara anaisema kwa sauti ndogo zaidi. Sauti ambayo mama yao anaihitaji inatumika yote huko. Bi Nakunde ameshatua karai. Bado hajageuka.

Sasa wewe. Usiniulize Mwinuko iko wapi. Unajua ulipo ule ubao ambao ulipita mbele yake ukageuza uso. Pazia lake ni lilelile, na wao wawili wamelishikilia upande mmoja wakikungoja ushike mwingine. Ofisi haijafungwa. Nenda usimame mbele ya mchoro ule, na usikubali kuambiwa tu kwamba ni mzuri. Uliza unaanzia wapi, na chini ya hapo kuna nini. Uliza kwa nini unaanza mwaka ule na si mwaka wa kabla yake, kama wewe umesahau mimi sijasahau. Uliza ni nani aliyetolewa ili upande. Wataje kwa majina, kwa sauti, hata kama foleni yote imekugeuzia mgongo. Wakikuambia huna haya, kubali kwamba huna, uendelee kuuliza.

Usingoje kesho, kesho watachora. Weka karatasi hii chini, inuka, shika upindo ulio karibu nawe, uvute kwako.